Mwanafunzi anayetuuliza maswali aturudishie majibu



Kila mwaka, wakati wa kumaliza masomo unapokaribia, hapa mtaani Lumumba tunawaona wakipita: vijana wenye shati safi, karatasi mkononi, kalamu mfukoni. Siku hizi wanaingia hasa katika viwanja vinavyohifadhi familia zilizokimbia vita. Juzi mmoja aliingia kwa jirani yangu, ambaye amempokea mama mmoja wa Djugu pamoja na watoto wake. "Mama, kwa siku mnakula mara ngapi? Mlikimbia mwaka gani? Nyumbani mliacha nini?" Mama aliweka chini ungo wa maharagi, akajibu yote, hata lile la mwisho lililomtoa machozi. Kijana aliandika, akashukuru, akaenda zake. Kisha mama akaniuliza mimi, kwa sababu anajua kwamba ninaandika habari: "Baba, huyu ni wa tatu tangu nifike hapa. Wale wawili wa kwanza waliandika nini juu yetu?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu ninaandika leo.

Kwa wale wasiojua, karatasi hizo ni za kazi ya mwisho wa masomo, ile wanafunzi wanayoiita TFC. Mji wetu una masomo ya juu mengi: Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom, ISP inayotayarisha walimu, ISTM inayotayarisha wauguzi, na mengine. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi anafundishwa logiki, kusema na kuandika. Baadaye anafundishwa namna ya kufanya utafiti. Mwishoni anachagua swali, anatoa jibu la kukisia ambalo waalimu wanaliita ipoteze, anakwenda kwa watu kulipima, anaandika, halafu anatetea kazi yake mbele ya juri. Mpango huo ni mzuri. Shida ni jinsi tunavyoufuata.

Nianze na mimi mwenyewe, ili mtu asiseme ninawasema wengine. Zamani niliandika kazi kama hiyo juu ya akina mama wanaouza makala. Ukurasa wa utangulizi niliutoa katika kazi ya kaka mmoja aliyenitangulia, nikabadilisha jina la soko. Ipoteze yangu ilisema kwamba "inaonekana" ukosefu wa mtaji ndio unaowarudisha nyuma. Mwishoni nikaandika kwamba ipoteze imethibitishwa. Nilijua hivyo kabla sijauliza mtu yeyote! Nilipata alama, tukanywa soda, na kitabu kikaenda kukaa kwenye rafu. Akina mama wale hawakuona hata ukurasa mmoja. Mmoja bado ananitania tukikutana: "Mwalimu, karatasi yangu ilifika wapi?" Ninacheka, lakini ndani ninaona haya.

Tangu hapo nimesoma kazi nyingi za wanafunzi, na karibu zote zinaishia pale pale: ipoteze imethibitishwa. Hilo peke yake linapaswa kututia mashaka. Jibu ambalo haliwezi kushindwa halikupimwa. Mtu akipanda mizani huku akijua kilo atakazosoma, anaipandia nini?

Tuchukue mfano ambao sote tuliuishi. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikafika na kwetu Ituri, ikaendelea hadi 25 Juni 2020. Iliua watu zaidi ya 2,200. Mnakumbuka maneno ya barabarani: "Magari mapya yanajaa, pesa zinamiminika, basi ugonjwa haupo, ni biashara." Hii ni hoja, na hoja tunaweza kuifungua kama mzigo. Ndani kuna ushahidi: magari na pesa. Kuna dai: ugonjwa haupo. Na kuna kamba inayovifunga pamoja: neno "basi". Ushahidi huo wengi waliuona kwa macho. Lakini kamba haishiki. Fundi akiuza sanduku la maiti kwa bei ya juu kupita kiasi, je, ina maana hakuna aliyekufa? Hapana. Ina maana fundi huyo anapenda pesa. Mtu alikuwa na haki ya kuuliza juu ya pesa, na wakati huo huo kukubali chanjo.

Na upande wa pili nao ulikosea. Waliowaita raia wajinga hawakufungua mzigo. Waliona dai baya wakatupa yote, pamoja na swali la kweli la pesa lililokuwa ndani. Kujua kuchambua hoja ni kujua pia kusikia kile kilicho sawa katika maneno ya mtu anayekosea.

Katika vita hiyo hiyo ya Ebola tuliona pia utafiti unavyopaswa kuwa. Kuanzia Novemba 2018, waganga na watafiti, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB ya Kinshasa, walilinganisha dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mgonjwa alipewa moja kati ya hizo kwa bahati nasibu, ili upendeleo wa mganga usiharibu hesabu. ZMapp, dawa iliyokuwa na sifa tangu zamani, ilishindwa. Mbili nyingine ziliokoa watu wengi zaidi, na moja kati ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Matokeo yalipoonekana Agosti 2019, jaribio lilisimamishwa, na wagonjwa waliofuata wakapewa zile mbili zilizofaa. Swali lilikuwa la kweli, jibu liliweza kushindwa, na faida ilirudi kwa watu wa mahali pale pale. Mambo hayo matatu ndiyo ninayoyatafuta katika TFC, hata kama inahusu maharagi na si dawa.

Sasa turudi kwa yule mama wa Djugu. Tangu mapigano yaliyoanza tena mwishoni mwa 2017, watu wengi wamekimbilia Bunia. Kigonze na kambi ya ISP mnazijua, na wengine wako ndani ya viwanja vyetu. Mtu aliyepoteza kila kitu, akimwona kijana mwenye karatasi, anawaza nini? Anawaza kwamba anaandikwa kwa ajili ya msaada. Basi wenye watoto 5 wanasema 8, na aliyekula mara mbili anasema mara moja. Mimi siwalaumu, njaa inafundisha hesabu zake. Lakini mwanafunzi akiondoka na namba hizo, amebeba matumaini ya mama, hakubeba maisha yake. Kumwambia mtu ukweli kabla ya kumwuliza ni adabu, na ni kazi ya utafiti pia. Bila hiyo, hesabu yote chini yake imeoza.

Kuna wanafunzi watakaonijibu: "Mwandishi, wewe unasema tu. Hatuna vitabu vya kutosha, megabaiti ni ghali, umeme unakatika, mwongozi mmoja ana wanafunzi wengi, na kupigisha kazi kwenye sekretaria ni pesa." Ni kweli. Wengine kati yenu ni watoto wa wahami, mnasoma usiku kwa tochi ya simu chini ya bashi. Wala sidai mlete unga au turubai, ninyi si shirika la msaada. Lakini kunakili kazi ya mwenzako hakupunguzi umaskini wako. Kunakunyima kitu pekee ambacho shule ingekupa bure: akili ya kuuliza, "Umejuaje?"

Tena, si lazima kitabu kitoke Ulaya. Mtaa wetu una jina la Lumumba. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, mfalme Baudouin alisifu kazi ya Leopold wa pili. Rais Kasavubu naye akasema. Kisha Lumumba, ambaye hakuwa kwenye programu, akadai kwamba uhuru haukuwa zawadi, ulipatikana kwa mapambano. Akaleta ushahidi: kazi ya nguvu kwa mshahara usiotosha, matusi na vipigo, ardhi kunyang'anywa, sheria moja kwa mzungu na nyingine kwa mweusi. Mchana wa siku hiyo hiyo, mezani, akatoa maneno ya upole. Mwalimu akiwapa wanafunzi hotuba hizo na kuwauliza, "Nani anadai nini? Kwa ushahidi gani? Kwa nini sauti ilibadilika mezani?", somo la hoja limekwisha kuanza.

Na somo hilo halikai darasani. Simu inalia usiku, sauti ya WhatsApp inasema, "Wameshafika, kimbieni." Sisemi mkae, maisha hayana vipuri. Ninasema kwamba kijana aliyefundishwa vizuri atauliza haraka: huyu anayesema ameona au amesikia? Wapi? Lini? Sauti hii ni ya leo au ya mwaka jana? Na ikisema kwamba kabila fulani "wote" ni wabaya, atauliza hilo neno "wote" limetoka wapi. Hapa Ituri tumezika watu kwa sababu ya neno hilo.

Basi ninaomba mambo mawili.

Kwa wanafunzi na waongozi wao: kabla ya siku ya kutetea, kila aliyeuliza watu aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili. Aseme aliuliza nini, alipata nini, na wapi alikosea. Aurudishe kambini au kiwanjani, ausome kwa sauti, awaache watu wamsahihishe. Redio zetu za Bunia zinaweza kuwapa dakika chache. Juri iulize: "Ukurasa wa watu uko wapi?"

Kwa ninyi familia mliokimbia, na sisi tuliowapokea: akija mwenye karatasi, mpeni kiti, halafu ulizeni ninyi kwanza. Wewe ni nani, na unatoka shule gani? Unatafuta kujua nini? Jina langu litaandikwa? Utarudi lini kutuambia ulichopata? Akisema hakuna msaada katika karatasi hiyo, msimchukie, amesema kweli. Mjibuni kweli pia. Na swali likiuma kupita kiasi, mna haki ya kunyamaza.

Mimi nitaanza na deni langu. Kazi yangu ya zamani bado iko ndani ya sanduku nyumbani. Nitaifupisha iwe ukurasa mmoja, niipeleke sokoni kwa wauza makala waliobaki, nikubali wanicheke. Yule kijana wa juzi naye akipita tena Lumumba, mama yupo pale pale na ungo wake. Anangoja kuambiwa aliandikwa nini.