Roketi za Musk na reli ya Muheza

Makamanda, juzi kijiweni Ngamiani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja anasema mambo ya Elon Musk ni ndoto za mchana, mwingine anasema sekta binafsi ikiachiwa inaweza kila kitu. Mi naona wote walichemka.

Roketi 3 za mwanzo za SpaceX zilifeli. Ya 4 ikafika angani Septemba 2008, na Desemba hiyohiyo NASA ikawapa mkataba wa dola bilioni 1.6. Hela ya walipakodi wa Marekani hiyo, jamani!

Sisi wa Tanga tulishayaona haya. Reli yetu ilianzishwa 1893 na kampuni binafsi ya Wajerumani. Kufika Muheza 1896, kilometa kama 40 tu, pesa kwisha. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaibeba, na Moshi reli ikafika 1911.

Kwa hiyo inawezekana. Ila leo ikitajwa reli mpya ya Tanga–Arusha–Musoma na mwekezaji wake, mi sipigi makofi wala sizomei. Nataka mkataba uwekwe hadharani tuusome: akikwama njiani, nani analipa? Bunge la bajeti likianza, hilo ndilo la kumbana nalo waziri.