Pesa ya video ipo, ya fyekeo hakuna
Na Bi Mkasi

Wiki hii nimezika Muheza. Kijiji sikitaji, maana marehemu baba aliniachia michungwa huko na wanaonichumia ndio hao hao ninaotaka kuwasema.

Msiba ulikuwa wa kisasa. Maturubai meupe, viti vimevalishwa nguo, maji ya chupa, wafiwa katika sare ya kitenge, na kijana wa kamera akitusihi tulie huku tumemwelekea yeye. Mshereheshaji alikuwapo pia. Wasomaji wangu mnajua kwamba mimi na washereheshaji chungu chetu si kimoja, tangu yule wa Korogwe aliyetaka marehemu apigiwe makofi ya kilo. Huyu wa juzi alikuwa na heshima kidogo. Aliniita shangazi, kisha akanipokonya kipaza sauti. Nitafika huko.

Tulipofika makaburini tukakwama. Majani yalikuwa yanafika kifuani. Wachimbaji walikuwa wamefyeka kipande chao tu cha kuzikia, na kutoka barabarani hadi hapo hapakuwa na njia. Wabebaji wakaingia porini na jeneza begani, wakipapasa kwa miguu, na kila mmoja wao alipojikwaa kwenye tuta, bibi mmoja nyuma yangu alitaja jina la aliyekanyagwa. Yule bibi ndiye daftari pekee la makaburi kijijini hapo. Misalaba ya mbao imeliwa na mchwa, na shimo la kwanza lilibidi lifukiwe haraka baada ya jembe kukuta mtu. Upupu nao ulitugawia sote, wenye sare na wasio na sare.

Katikati ya pori hilo limesimama kaburi moja la vigae linalong'aa kama bafu la hoteli. Lina uzio wa nondo, geti na kufuli. Wenyewe wako Dar es Salaam na ufunguo wao. Nje ya uzio hawajang'oa hata jani moja.

Kesho yake, wakati wa kuanua matanga, mweka hazina akasoma mapato na matumizi. Sikujua kwamba msiba una vifungu vingi hivyo: video, maua ya plastiki, spika, mafuta ya jenereta, nguo za viti. Nikasubiri kifungu cha makaburi. Hakikuja. Nikanyoosha mkono, nikauliza: kati ya fedha zote hizi, makaburi yamepata ngapi? Watu wakaangalia chini. Mshereheshaji akaja mbio: "Shangazi, hilo ni la serikali ya kijiji." Mwenyekiti wa kijiji, aliyekaa mstari wa mbele na sahani mkononi, akasema hilo ni la wafiwa. Nikabaki mikono mitupu, kipaza sauti kimeshaondoka.

Sasa nisemee hapa, ambapo hakuna wa kunipokonya. Makaburi ya vijiji yameota pori tangu tulipogundua kwamba mchango unaweza kutumwa kwa simu. Zamani Tanga nzima ilijua msaragambo: mbiu ikilia unatoka na panga lako, asiyetoka anatozwa. Leo anatuma elfu kumi, anajibiwa "Mungu akubariki", anarudi kulala. Na serikali ya kijiji isijitoe. Tangu 1982 sheria inaipa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Ya mbuzi anayekula mahindi ya mtu wameshaitunga. Mbuzi anayelala juu ya kaburi la mtu hana kesi.

Mtaniambia fedha hakuna. Nendeni makaburi ya vita pale Dar es Salaam, barabara ya Bagamoyo, muone nyasi zilivyokatwa. Tume inayoyatunza ilianzishwa 1917, na nchi sita, Uingereza ikiwa mbele, huchangia kila moja kwa hesabu ya makaburi yake. Sisemi ni malaika. Mwaka 2021 wenyewe walikiri kwamba wapagazi na askari wetu wengi wa Kiafrika hawakuwekewa hata jina. Lakini wale waliowahesabu, wanawafyekea.

Sisi tuchukue sehemu ya kumi ya kila rambirambi kabla mpiga video hajalipwa. Inatosha kumlipa kijana mmoja wa kufyeka mvua za masika na za vuli zikiisha, kupanda minyaa mpakani, na kununua daftari, yule bibi aandikishe majina angali hai.

Hapo msibani salio lilikuwapo, tena la kutosha. Kamati ilijadili kwa dakika chache, ikapitisha kwa kauli moja: supu ya kamati.

Kumbukumbu ya siku arobaini inakuja na najua nitapigiwa. Namba yangu haijabadilika. Mnitajie kwanza mweka hazina wa makaburi ni nani, nimtumie yeye.