Mwagizaji na Mchoraji

Ati mwenye kulipa ndiye mwenyewe! Neno hili husemwa kwa wepesi, na sheria yetu yaliunga mkono. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yaanza vyema: kazi ya sanaa ni mali ya aliyeitunga. Kisha, katika kifungu cha 31, yageuka. Kazi ikiwa imeagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa pawe na mapatano ya kuzuia au kupunguza jambo hilo.

Chukueni mfano wa kijana wa Olenguruone achoraye ukutani mwa duka picha ya wachuma chai. Alipwa ujira wa siku mbili. Baadaye picha ile yachapwa juu ya pakiti, juu ya kalenda, juu ya fulana, naye hapati hata senti, maana hawakuandikiana. Kifungu cha 32 chamwachia haki ya kutajwa jina. Lakini jina halinunui unga. Na hapa Olenguruone tungepaswa kuyajua masharti ya karatasi. Wakulima waliowekwa hapa mwaka 1941 walijiona wenye ardhi. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapangaji wa masharti, na kufikia mwaka 1950 ilikuwa imewafukuza.

Watetezi husema mwagizaji ndiye aliyehatarisha fedha. Vema, na apewe ukuta wake na matumizi aliyoyaagiza. Aliyenunua yai hakununua kuku. Uingereza, kwa Sheria yake ya mwaka 1988, huacha hakimiliki mkononi mwa msanii aliyeagizwa, mpaka akubali mwenyewe kuitoa. Na biashara ya picha haikufa huko.

Sasa imekuja akili unde. Sheria yetu yasema mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni mtu aliyefanya matayarisho yaliyohitajiwa. (Ni mwenye mashine au aliyeituma? Haikufafanua.) Basi mtu huandika maneno kumi, picha hutoka kabla chai haijapoa, naye aweza kudai hakimiliki hadi miaka 50 baada ya kufa kwake! Aliyeshika brashi hunyimwa kwa kuwa aliagizwa; asiyeshika kitu hupewa kwa kuwa aliagiza. Nchini Marekani, Machi 2025, mahakama ya rufani ya Washington ilikataa hakimiliki ya picha ambayo mtunzi wake alitajwa kuwa mashine tu.

Bunge na likigeuze kifungu cha 31. Hadi siku hiyo, mwanafunzi uchoraye, ukiitwa kazini taka kwanza karatasi isemayo kuwa hakimiliki yabaki kwako, na sahihi mbili ziwekwe kabla kopo la rangi halijafunguliwa.