Mungu Si Ngazi ya Kupandia

Yako mafundisho yaliyoingia katika nyumba zetu za ibada, nasi hatuwezi kuyanyamazia. Mafundisho hayo hayasemi kwamba Mungu hayupo; yangesema hivyo, washarika wangeyakataa siku ya kwanza. Yanasema Mungu yupo, tena ana nguvu, na kazi ya nguvu hizo ni kutupatia gari, kiwanja, cheo na safari ya ng'ambo. Mtu anafundishwa kufunga, kukesha na kutoa sadaka kama anayenunua hisa. Akipata alichotaka, Mungu ni mwema. Asipopata, anaambiwa imani yake ni haba, aongeze sadaka.

Sisi tunasema wazi: huko si kumpenda Mungu. Ni kuipenda dunia na kumwajiri Mungu atuletee. Na mtu aliyefika juu ya paa hana haja tena na ngazi. Ndiyo maana wengi huonekana kwenye mikesha wakati wa shida, na mambo yakiwanyookea hatuwaoni tena hata Jumapili.

Tuzisikilize shuhuda za siku hizi. Ndugu anasimama, anaeleza jinsi alivyopata nyumba, na vigelegele vinatikisa mabati. Mama anasimama, anasema Bwana amempa moyo wa kumsamehe wifi yake baada ya miaka ya chuki, na makofi ni ya kuhesabu. Hatusemi kushukuru kwa nyumba ni dhambi. Tunauliza ni lipi kati ya hayo mawili ambalo dunia haiwezi kulitoa.

Shahidi wetu wa kwanza si maskini mwenye wivu. Ni yule Mhubiri, katika sura ya pili ya kitabu chake. Alijenga majumba, akapanda mizabibu, akachimba mabwawa, akakusanya fedha, dhahabu na waimbaji, wala hakuyanyima macho yake kitu. Baadaye akayapima yote, akaona ameshika upepo. Asiyewahi kuonja asali akisema haishibishi, tuna haki ya kumshuku. Huyu alikula mzinga mzima.

Wa pili ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi inayoitwa Algeria leo. Alipanda vyeo kwa ufasaha wake mpaka akawa mwalimu wa usemi mjini Milano, karibu na makao ya kaisari. Katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia kwamba siku moja alikuwa akienda huku moyo umelemewa na hotuba ya kumsifu kaisari, akamwona ombaomba mlevi njiani, anacheka. Akatambua kwamba yule, kwa sarafu chache, alikwisha kuipata furaha ambayo yeye alikuwa akiitafuta kwa jasho la miaka. Hata furaha ile ya ulevi haikuwa ya kweli, lakini msomi huyu hakuwa nayo hata hiyo. Aliacha kutafuta vyeo vya kaisari, na mwaka 387 akabatizwa.

Na tuwakumbuke wazee wetu wa uamsho. Mwaka 1929, Simeon Nsibambi na daktari Joe Church walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakakaa na Biblia na kuomba. Moto wa uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka iliyofuata, ukafika mpaka Bukoba na mbali zaidi. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakapatana na maadui. Wengi wao hawakuongezewa hata shamba moja kwa kufanya hivyo, wengine walipungukiwa. Lakini waliimba mpaka usiku wa manane. Wanaohubiri kwamba furaha ya Mkristo huletwa na mali watueleze watu hawa walikuwa wakiimbia nini.

Mali ina mpaka kwa kuwa imeumbwa. Simu mpya ni mpya mpaka jirani anunue ya mwaka huu. Mshahara ukipanda, mahitaji nayo hupanda. Ndipo wengine huingia kwenye mikopo ya kausha damu. Wapo walioingia kwa sababu ya ugonjwa au ada ya mtoto. Hao tuwasaidie, tusiwahukumu. Lakini wapo waliokopa ili wasionekane wadogo kwenye harusi ya mtu mwingine. Wapo pia vijana wanaoweka nauli yao kwenye mkeka wa mechi, wakisubiri ukombozi kutoka uwanja wa ugenini. Yeremia 2:13 inasimulia watu walioiacha chemchemi wakaenda kuchimba visima vyenye nyufa. Tuangalie neno kuchimba. Ibada inaambiwa ni mzigo, kumbe anayebeba mzigo mkubwa zaidi ni yule anayechimba mchana na usiku kisima kisichoweka maji.

Tunajibiwa: mnatetea umaskini, mwenye njaa haombi. Hapana. Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa kila siku, na Amosi hakuwabembeleza wanaowaonea maskini. Kanisa linalomwambia mwenye njaa aridhike, huku viongozi wake wameshiba, halina ushuhuda. Habakuki naye hakusema njaa ni tamu. Alihesabu hasara zote, mtini, mizeituni, zizi tupu, ndipo akasema atamfurahia Bwana. Furaha yake ilikuwa na mzizi mahali ambapo ukame haufiki.

Wengine wanasema: tumeomba, tumesoma Neno, hatuoni utamu wowote. Hilo ni swali la kweli. Mtoto aliyezoeshwa pipi toka asubuhi hataona ladha ya ugali na dagaa mchana. Tatizo haliko jikoni. Macho yetu yanafunguka kwenye simu kabla ya kufunguka kwa Mungu, na usiku yanafungwa hapohapo. Kisha tunampa Bwana dakika tatu za usingizi na kulalamika kwamba amenyamaza. Njaa ya Mungu hukua kwa kulishwa. Simu na ikae chumba kingine mpaka Zaburi moja isomwe polepole. Sala ya jioni irudi nyumbani, baba, mama, watoto na dada wa kazi wakiwa pamoja. Jumuiya isiwe kikao cha michango tu. Na siku zikiwa kavu, tuendelee. Zaburi ya 63 huanza na kiu.

Itafika siku ambayo kila mmoja wetu atalala kitandani, hati za viwanja zikiwa kabatini na gari limeegeshwa nje. Hakuna kimoja kati ya hivyo kitakachoingia naye. Aliyemzoea Mungu kama ngazi atajikuta mbele ya mgeni. Aliyemzoea kama Baba atakuwa anafika nyumbani. Tumtafute basi yeye mwenyewe, leo, wakati tungali na nguvu za kupiga magoti.