Mgeni akae benchi, asikie yatokanayo

Hoja yangu ni fupi: vikundi vyetu viache kusoma risala. Nasema hivi nikiwa katibu wa kikundi cha kusaidiana hapa Mnazi, na risala ndizo zilizochosha mkono wangu kuliko maandishi mengine yote ya kikundi. Anayeijua Lushoto kwa ukungu na kabichi huenda asitambue kwamba sisi nasi ni Lushoto. Tupo huku chini, milima ya Usambara inapoishia na nyika inapoanza kuelekea Umba na mpaka wa Kenya. Huku ni jua, mkonge, mpunga penye mfereji, na mahindi pale mvua inapotujalia. Wapo Wasambaa walioteremka kutoka Mlalo, wapo Wapare, Wakamba na Wamasai, na wapo wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge wakakata shauri la kubaki.

Kikundi chetu kinafuata mtindo wa VICOBA, ule uliotoka Niger ukaingia nchini kupitia Zanzibar mwaka 2000. Tuna sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu wasiolala nyumba moja. Tuna hisa, mikopo na faini ya kuchelewa. Tuna pia mfuko wa jamii, na huo ndio unaotufanya tuwe zaidi ya watu wanaokopeshana: unanunua sare za watoto waliofiwa na wazazi, unachangia sanda, unatengeneza pampu ya kisima, unapeleka mgonjwa hospitali usiku. Kikao kinafanyika chini ya mkwaju, na mpangilio wake kila mwanachama anaujua kwa moyo, hata asiyejua kusoma: kufungua, muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, hisa, marejesho, mikopo mipya, mfuko wa jamii, mengineyo. Kwangu mimi kikao ni yatokanayo. Hapo ndipo mtu anaulizwa alichoahidi na alichofanya, na hapo ndipo shida za kijiji zinasemwa kwa jina lake.

Sasa tazama kinachotokea siku ya mgeni rasmi. Mpangilio wote unawekwa kando. Turubai linakodiwa, spika inaletwa pamoja na jenereta lake, meza kuu inavikwa kitambaa na kuwekewa maji ya chupa. Sisi tunakaa juani kumsubiri. Akifika tunaimba, tunapiga makofi, kisha katibu anasimama na risala: awali ya yote tunamshukuru Mungu, mafanikio yetu ni haya, changamoto zetu ni hizi, maombi yetu ni haya. Mgeni anaipokea kwa mikono miwili, picha inapigwa, anasema ameipokea na ataifikisha panapohusika. Anahutubia. Anaondoka kwa sababu ana ratiba nyingine. Hakuna aliyemwuliza swali, maana katika utaratibu ule swali halina mahali pake.

Siku moja mgeni wa namna hiyo, wa ofisi ambayo sitaitaja, alichelewa mpaka jua likaegemea mlimani. Sanduku lilikuwa limefungwa muda wote, kwa kuwa ilionekana si adabu kuanza shughuli zetu na yeye yuko njiani. Alipoondoka giza lilikuwa limeshaingia na washika funguo wawili wameshakwenda kupika. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kukopa nauli na ada ya mwanawe anayesoma Tanga alirudi nyumbani mikono mitupu. Mtoto alisafiri baada ya juma zima, shule zikiwa zimefunguliwa zamani. Nikisema tuache risala, namfikiria mtoto huyo.

Sisemi wageni wasije. Nawataka sana. Kijiji kilicho mbali na makao makuu ya wilaya, kwa barabara yetu ya milimani, kinahitaji watu wa kukiletea maarifa kuliko mtaa wa mjini. Ninachodai ni kwamba mgeni aje saa ya kikao, akae benchi pamoja nasi, asikilize kwanza shughuli zetu, kisha ndipo azungumze, na muda mkubwa uwe wa maswali. Tumejaribu hivyo na nimeona kinachotoka.

Msimu wa mahindi tulimwalika ofisa wa wanyamapori atuzungumzie tembo. Wanatoka upande wa hifadhi ya Mkomazi, wanatembea usiku, na mahindi yakianza kubeba hakuna anayelala usingizi wa kweli. Ofisa alifika na pikipiki, mkononi ana ndoo ndogo ya oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, kwa ajili ya kutuonyesha namna ya kuloweka vitambaa vya kutundika kwenye kamba kuzunguka shamba. Mwenyekiti akamwonyesha nafasi kwenye benchi, kati ya bibi mmoja wa Kipare na kijana wa bodaboda. "Karibu baba," akamwambia, "tupo kwenye yatokanayo, zamu yako inakuja."

Katika yatokanayo palikuwa na mama ambaye hakuwa ameleta marejesho. Kwa katiba yetu ilibidi ajieleze. Akasimama, akakaza kitenge kiunoni. "Mwenyekiti, deni nalitambua. Nilikopa nikalime, na nimelima. Waliovuna si mimi." Akaeleza kwamba ekari mbili ziliisha usiku mmoja. Kesho yake, kwa kuwa udongo ulikuwa bado na unyevu, alifyeka mabua yaliyolala akapanda kunde, angalau watoto wapate mboga na yeye apate cha kuuza. Wengine wakaanza kuitikia kutoka kwenye mabenchi: na mimi, na mimi pia.

Zamu ya mgeni ilipofika, aliisogeza ndoo pembeni. "Mama," akauliza, "ulipofyeka, kuna mtu alikuwa ameshalipima shamba?" Hakuna. "Ulitoa taarifa ofisi ya kijiji?" Hakutoa; alidhani ni kwenda kulia mbele za watu. "Basi nitaanzia hapo," akasema ofisa. Akatufundisha mambo ambayo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuyasikia kwa utaratibu wake. Kwa mazao yaliyoliwa kuna kifuta jasho, kwa aliyejeruhiwa au kuuawa kuna kifuta machozi. Taarifa itolewe mapema, shamba liachwe lilivyo mpaka ofisa kilimo na mtu wa wanyamapori walikague, fomu zijazwe pale pale. Akatuambia bila kuficha kwamba fedha hizo hazilingani na gunia la mahindi, kwamba kanuni za 2011 ziliweka ukomo wa ekari tano kwa mtu, na kwamba umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi nao unaangaliwa. Maswali yalimwandama. Je, kama shamba nimelikodi? Je, kama mwenye shamba ni marehemu? Pilipili na oili vilikuja mwishoni kabisa, na kila mtu alivisikiliza kwa makini kwa sababu kile kilichokuwa kinawauma kilikuwa kimeshajibiwa.

Kikao kilikata mashauri mawili siku ile. Yule mama aliongezewa muda wa kulipa bila faini. Na mwanachama mmoja mwenye simu ya kupiga picha akapewa kazi ya kufika kwenye shamba lililoingiliwa kabla jembe au panga halijagusa kitu. Mgeni angekuwa meza kuu, risala yangu ingemwambia kuna "changamoto ya wanyama waharibifu", naye angetuonyesha ndoo yake akaenda zake. Asingejua kwamba tatizo letu la kwanza lilikuwa panga la asubuhi.

Mara nyingine mzungumzaji hahitaji hata kutoka mbali. Fundi pampu tuliyemwita anaishi mwendo mfupi kutoka hapa. Alitandaza vipuri juu ya mkeka, fito, silinda, raba, kisha akamwomba binti mmoja aonyeshe anavyopampu akiwa na haraka ya kwenda shule. Binti akaonyesha: mkono mfupi mfupi, wa kasi. Fundi akaokota raba iliyolika, akaizungusha ili kila mtu aione. Pampu inataka mkono mrefu, wa taratibu, uje mpaka chini. Raba ile ilipita mkono kwa mkono mpaka kwa wazee, na tangu siku hiyo akina mama wenyewe ndio wanaowakanya watoto kisimani. Kumbe tulikuwa tumeandika risala mbili kuomba pampu mpya.

Hapa Usambara hatuna udhuru wa kulisahau hili, maana tunayo historia ya wataalamu waliosema kabla ya kusikia. Mwaka 1946 serikali ya mkoloni ilianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za milima. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, wataalamu hawakudanganya. Lakini dawa yao ilikuwa matuta ya lazima kwenye miteremko mikali, na jembe la kuyachimba lilikuwa mikononi mwa wanawake, ambao hakuna aliyewauliza siku yao ina nafasi gani. Asiyechimba alishitakiwa. Watu wakakataa, hasira ikawafikia hata machifu wa ukoo wa Wakilindi waliosimamia amri hiyo, na mradi ukaachwa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ulipokuja mradi wa SECAP kwa ushirikiano na Wajerumani, ilihimizwa mistari ya majani ya Guatemala kwenye makinga maji, majani ambayo yanashika udongo na papo hapo yanalisha ng'ombe wa zizini. Jambo lilikuwa lile lile, udongo, lakini safari hii mwenye shamba alikuwa na cha kupeleka nyumbani.

Vilabu vya huduma vya mijini navyo vina la kutufundisha. Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu, na mwanzoni walikuwa wakikutana leo ofisini kwa huyu, siku nyingine kwa yule. Dar es Salaam ilipata klabu yake mwaka 1949. Desturi yao ni kukutana kwa ratiba, kumaliza mambo ya klabu, kisha kumpa mzungumzaji muda mfupi unaojulikana na kumwuliza maswali. Aliyealikwa anajua saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Watu hao hao wanaosikilizana mezani ndio waliojifunga tangu 1985 kuchangia vita dhidi ya polio, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ikathibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Hatuhitaji hoteli wala tai zao. Nidhamu yao ya saa tunaweza kuipata chini ya mkwaju bila gharama.

Najua wenzangu wanaogopa nini. Wanasema, mama katibu, tukimkalisha kiongozi kwenye benchi tutakosa miradi. Nawajibu kwamba kilicho kikubwa kwa vikundi kama chetu hakitoki kwenye ukarimu wa mtu. Halmashauri zinatakiwa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, na maombi siku hizi yanapitia kwenye mfumo wa kompyuta. Kuiomba kwa risala na nyimbo ni kuomba ambacho tayari ni haki. Anayetufaa ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata, aje na kompyuta yake, akae nasi mpaka tuelewe kwa nini ombi la kikundi fulani lilirudishwa na la kwetu liandikwe vipi. Diwani au mbunge akija, karibu sana, tutamsalimu kwa heshima zote anazostahili. Benchi letu limefutwa vumbi. Lakini sanduku litafunguliwa kwa wakati wake, na naye atasikia nani amelipa, nani ameshindwa, na kwa nini.

Lipo jambo la nauli, na nalisema kwa sababu huwa linanong'onwa tu. Maofisa wengi wa kata hawana mafuta ya kuwafikisha vijijini. Sisi tunaowaita tuliweke wazi: kiasi cha mafuta kitajwe kikaoni, kitoke mfuko wa jamii, kiandikwe daftarini, mgeni asaini mbele ya wanachama. Bahasha ya siri imeharibu mikutano mingi, kwa kuwa anayeipokea anaanza kuchagua mikutano yenye bahasha nene, na kijiji kisicho nayo hakimwoni tena.

Na kwenu wakuu wa idara mlioko Lushoto mjini: mkipata barua ya kikundi yenye swali moja badala ya maombi kumi, msiitafutie mtu mwenye cheo kikubwa. Tumeni anayeifanya kazi hiyo kila siku, hata kama ni kijana aliyeajiriwa juzi. Barua yetu inayofuata inakuja idara ya umwagiliaji. Tunauliza kwa nini maji ya mfereji yanawafikia walio juu mara mbili kwa juma na walio chini hayawafikii kabisa mpunga unapotoa masuke. Kikao ni saa nane mchana, chini ya mkwaju, na wote wawili, wa juu na wa chini, watakuwa wamekaa benchi moja na huyo mtakayemtuma.