Barret Robbins hakuwasaliti Raiders

Mashabiki wa Raiders wana kesi moja ambayo hawajaimaliza tangu Januari 2003. Mshtakiwa ni Barret Robbins, senta wa timu hiyo ya futiboli ya Kimarekani, aliyetoroka kambini kabla ya fainali ya Super Bowl, akarudi akiwa hajielewi, na siku ya mechi hakuingia uwanjani. Raiders walichapwa 48 kwa 21 na Tampa Bay Buccaneers. Wapo wanaosema aliiuza mechi. Wapo wanaosema alikuwa mgonjwa. Wengine husema yote mawili kwa pumzi moja, kwamba alikuwa mgonjwa, sawa, lakini kwa nini siku ile? Timu yenyewe imeshahama Oakland na tangu 2020 iko Las Vegas, makocha wamekuja na kuondoka, lakini jina la Robbins likitajwa mjadala unawaka kana kwamba mechi imechezwa jana.

Makala haya hayakai katikati. Robbins hakuisaliti timu yake, na mashabiki wanaoendelea kumwita msaliti wanambebesha mtu mmoja aliyeugua mzigo wa watu wengi waliokuwa wazima.

Msomaji aliyezoea soka letu anastahili kwanza kujua kazi yake ilikuwa ipi. Katika futiboli ya Kimarekani, timu inayoshambulia huweka wanaume watano wenye miili mikubwa mbele ya kwotabeki, yule anayerusha pasi na kuongoza mchezo. Kazi yao ni kuzuia. Wanasukumana na mabeki wa upande wa pili ili kwotabeki apate sekunde mbili tatu za kufikiri, au ili mkimbiaji apate upenyo. Senta husimama katikati ya hao watano. Ndiye anayeanzisha kila mchezo kwa kupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma, na kabla ya hapo huwasoma wapinzani walivyojipanga, kisha huwaambia wenzake kwa sauti nani amkabe nani. Hafungi mabao. Jina lake husikika kwenye vipaza sauti hasa anapofanya kosa. Ndiyo maana senta anaweza kuwa bora kuliko wote nchini na shabiki akapishana naye barabarani bila kumtambua.

Robbins alikuwa bora kiasi hicho. Raiders walimchagua mwaka 1995 katika raundi ya pili, akitokea Chuo Kikuu cha Texas Christian, na msimu wa 2002 aliteuliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima ya NFL. Nyuma yake alisimama Rich Gannon, aliyetangazwa mchezaji bora wa ligi msimu huohuo baada ya kurusha pasi za yadi 4,689. Hakuna kwotabeki anayefikisha yadi hizo kama watu wa mbele yake hawajui kazi yao.

Ikafika wikiendi ya fainali, mjini San Diego. Ijumaa, Januari 24, Robbins aliondoka hotelini. Jumamosi hakuonekana kwenye vikao vya timu. Taarifa zilizofuata zilisema alivuka mpaka hadi Tijuana, Mexico, na kwamba alikuwa akinywa. Aliporejea jioni alikuwa amechanganyikiwa. Kocha Bill Callahan alimwondoa kikosini, na nafasi yake akapewa Adam Treu. Baadaye ilielezwa kuwa Robbins alikuwa na ugonjwa wa baipola na kwamba alikuwa ameacha dawa. Ilisimuliwa pia kwamba katika hali ile aliamini Raiders wameshashinda fainali, na kule Tijuana alikuwa anasherehekea ubingwa.

Hapo pana jambo zito ambalo wengi hulipita haraka. Aliyeuza mechi anajua mechi haijachezwa. Mtu huyu akilini mwake alikuwa bingwa tayari. Baipola humpandisha mgonjwa hadi akose usingizi kwa siku kadhaa, aone mambo yasiyokuwepo, atumie fedha na kunywa kupita kiasi, kisha humshusha kwenye sonona ambayo humfanya ashindwe hata kuinuka kitandani. Robbins alikuwa na historia ya sonona kabla ya siku ile. Kusema alikunywa kwa hiari yake ni sawa na kusema mwenye kifafa alianguka kwa hiari yake. Pombe ni sehemu ya namna ugonjwa ule unavyojionyesha, na mara nyingi ni dawa ya kienyeji ambayo mgonjwa hujipa mwenyewe ili kichwa kitulie.

Wanaomlaumu wana hoja, na ni haki kuzisikiliza. Tim Brown alikuwa ameitumikia timu hiyo tangu 1988 na ile ndiyo ilikuwa fainali yake ya kwanza. Jerry Rice alikuwa na umri wa miaka 40. Watu hawa walivumilia maumivu ya miaka mingi ili wafike pale, na mwenzao akawaacha siku mbili kabla. Hasira zao zilikuwa za kweli. Tena uwanjani pengo lilionekana: Raiders walikimbia na mpira mara 11 tu kwa jumla ya yadi 19, kiasi cha aibu kwa timu yoyote, na Gannon aliangushwa mara tano. Shabiki anayesema mambo yangekuwa tofauti Robbins angekuwepo hasemi upuuzi.

Lakini kesi ya usaliti inahitaji zaidi ya pengo. Mwaka mmoja kabla, Februari 2002, Raiders wenyewe walimruhusu kocha wao Jon Gruden aende Tampa Bay, wakapewa dola milioni 8 na nafasi nne za kuchagua wachezaji wapya. Gruden ndiye aliyeijenga ile safu ya mashambulizi. Aliijua kuliko mtu yeyote uwanjani, na katika mazoezi ya wiki ile alisimama mwenyewe mahali pa kwotabeki akawaonyesha mabeki wake Gannon hufanya nini na hutamka nini. Wachezaji wa Tampa walieleza baada ya mechi kwamba walikuwa wanaitambua michezo ya Raiders kabla haijaanza. Gannon alinyang'anywa pasi tano, rekodi ya Super Bowl, na tatu kati ya hizo zilirudishwa hadi kwenye mstari wa goli la Raiders. Dexter Jackson aliyenyakua mbili alichukua tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Senta hawezi kuzuia pasi inayorushwa kwa mpinzani anayejua itatua wapi.

Miaka kumi baadaye, Januari 2013, Tim Brown huyohuyo alitoa tuhuma iliyowashangaza wengi. Alisema Callahan aliubadilisha mpango wa mechi siku ya Ijumaa, kutoka kukimbia na mpira hadi kurusha pasi, na kwamba Robbins alimsihi kocha asifanye hivyo. Rice alimuunga mkono. Callahan alikanusha kwa ukali, na Gannon pia hakukubaliana na simulizi hiyo. Nani mkweli si jambo la kuamuliwa hapa. Linaloonekana ni namna mjadala ulivyogeuka: kwa wiki chache Robbins aliacha kuwa mshtakiwa akawa shahidi, na mashabiki waliokuwa wakimlaani kwa muongo mzima wakaanza kuzitumia hisia zake za Ijumaa ile kama ushahidi dhidi ya kocha. Ugonjwa wake ulibaki palepale, bila mtu wa kuuzungumzia.

Swali ambalo makala haya yanalishikilia ni la klabu na ligi. Klabu ya NFL humpima mchezaji uzito, humrekodi kila hatua ya mguu wake mazoezini na kuirudia video mara nyingi, humfunga bandeji kwenye vifundo kila asubuhi, humpiga picha za eksirei kwa maumivu madogo. Goti la senta lina daktari wake. Kichwa chake mwaka 2003 kilikuwa na nani? Mgonjwa wa baipola kuacha dawa ni jambo ambalo kila daktari wa akili hulitarajia: dawa huleta usingizi na uzito, na mgonjwa akijisikia nafuu hudhani amepona. Mtu wa namna hiyo aliwekwa hotelini kwa wiki nzima, katika mji wenye kelele na shinikizo kubwa kuliko jambo lolote alilowahi kukutana nalo kazini. Kilichomsubiri aliporudi kilikuwa adhabu.

Msimu uleule ulikuwa umeanza na msiba uliopaswa kuwaamsha watu. Septemba 24, 2002, alifariki Mike Webster, senta wa Pittsburgh Steelers aliyeshinda Super Bowl nne. Alikuwa na miaka 50. Miaka yake ya mwisho alihangaika, akipoteza kumbukumbu na wakati mwingine akilala ndani ya gari lake. Ubongo wake ulichunguzwa na Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, aliyekuta ndani yake madhara ya kugongwa kichwa kwa miaka mingi na kuyachapisha mwaka 2005. Ligi ilimpinga vikali kabla ya kukubali. Hakuna anayeweza kudai kwamba Robbins alikuwa na tatizo lilelile la Webster, na haifai kudai. Ila masenta wawili wa kiwango cha juu, katika msimu mmoja, walionyesha kwamba mchezo huo haukuwa na habari na kinachoendelea ndani ya vichwa vya watu wake.

Mfano unaowatia aibu zaidi wanaosema usaliti ulitokea Philadelphia. Oktoba 3, 2021, Lane Johnson, mmoja wa wachezaji bora wa safu ya mbele ya Eagles, aliondoka asubuhi ya mechi dhidi ya Kansas City. Alikosa mechi tatu. Aliporudi alisema waziwazi kwamba anapambana na sonona na wasiwasi uliopitiliza. Mashabiki wa Philadelphia, wanaojulikana Marekani nzima kwa ukali wao, walimpokea kwa upendo. Klabu ilimpa muda. Mechi yake ya kwanza baada ya hapo ilikuwa Las Vegas, dhidi ya Raiders. Februari 2025 alikuwa uwanjani Eagles walipotwaa Super Bowl kwa kuwafunga Kansas City hao hao 40 kwa 22.

Mtu atasema ile haikuwa fainali. Ni kweli, na tofauti hiyo ina uzito. Lakini kama ugonjwa ni ugonjwa mwezi Oktoba, hauwezi kugeuka uhaini mwezi Januari kwa sababu tu kikombe kiko karibu. Kilichobadilika kati ya Robbins na Johnson ni miaka 18 ya watu kujifunza, na hatua kama makubaliano ya Mei 2019 kati ya ligi na chama cha wachezaji, yaliyoitaka kila klabu iwe na mtaalamu wa afya ya akili. Johnson alizikuta huduma ambazo Robbins hakuwa nazo.

Robbins hakuwa malaika, na kumtetea hakuhitaji kumfanya malaika. Mwaka 2003 alipatikana na dawa iliyopigwa marufuku ya kuongeza nguvu, THG, pamoja na wachezaji wenzake kadhaa wa Raiders. Mwaka 2004 klabu ikamwacha. Januari 2005, huko Miami Beach, alipambana na polisi, akapigwa risasi na kunusurika kifo, kisha akashtakiwa kwa kujaribu kuua. Polisi waliumizwa siku ile, na mateso yao hayafutiki kwa kutaja jina la ugonjwa. Mahakama ilimpa kwanza nafasi ya kutibiwa akiwa chini ya uangalizi, na mwaka 2011, baada ya kukiuka masharti, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano.

Mashabiki wengi huyachukua matukio haya na kuyarudisha nyuma hadi San Diego: mnaona, ndivyo alivyokuwa siku zote. Hesabu hiyo inakwenda kinyume. Mambo yale yote yalikuja baada ya fainali, na yale makubwa zaidi baada ya mtu huyu kupoteza kazi aliyoifanya tangu ujana, wenzake waliomzunguka kila siku, na ratiba iliyomwamsha asubuhi. Mchezaji mwenzake mmoja wa safu ya mbele aliwaambia waandishi wiki ileile ya kipigo kwamba hamtaki tena. Uwanjani hiyo ni hasira inayoeleweka. Kwa mgonjwa wa akili aliyeanza kuporomoka, ni mlango kufungwa.

Basi wanaopenda kubishana na waendelee: kuhusu mpango wa Callahan, kuhusu Gruden, kuhusu pasi tano za Gannon, kuhusu yadi zile 19. Hayo ni mambo ya mpira na yana utamu wake. Ila kuna kipindi kimoja ambacho mabishano ya miaka yote hii hayajakigusa, nacho ni kile cha kati ya siku Raiders walipomwacha Robbins mwaka 2004 na usiku wa risasi wa Januari 2005. Ni miezi michache tu. Mkataba uliisha, baipola haikuisha. Shabiki anayetaka jibu kutoka kwa klabu anayoipenda angeanza kuuliza hapo: nani alimpigia simu, nani alijua kama anameza dawa, na mchezaji anayeachwa leo akiwa na ugonjwa kama wake anaondoka langoni na daktari gani.