Mnara wa kuvutwa na gari nao ni kifaa tiba

Ukisikia vifaa tiba, bila shaka unafikiria vitanda vya kujifungulia, mashine za eksirei na mitungi ya oksijeni. Leo nakuomba uongeze kimoja kwenye orodha yako: mnara wa mawasiliano uliofungwa juu ya tela, unaovutwa na gari hadi mahali ambapo simu zimezimika.

Huduma ya dharura huanza kwa taarifa. Hapa Tanzania tuna mfumo wa m-mama. Mjamzito au mzazi mwenye dharura, au mhudumu wa zahanati, anapiga 115 bila malipo. Kituo cha uratibu kinatafuta ambulansi au dereva wa jamii, na mgonjwa anapelekwa hospitali. Ni mpango mzuri, lakini unaanzia kwenye simu. Mafuriko yakiangusha nguzo za umeme na betri za mnara wa simu zikaisha chaji, 115 haipatikani. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Damu haisubiri mtandao urudi.

Majirani zetu wa Msumbiji wanalijua hili. Usiku wa Machi 14, 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira. Umeme ulikatika, simu zikazimika, barabara ya kuingia mjini ikakatwa na maji. Mashirika ya misaada yalilazimika kuleta mitambo ya setilaiti ili waokoaji waweze kuwasiliana. Hazikutimia wiki mbili, Machi 27, kipindupindu kikathibitishwa. Ugonjwa huo hukimbizana na taarifa: kijiji kinachoharisha leo kisipotoa habari leo, kesho maji ya kijiji cha pili yameshachafuka.

Je, mnara wa tela unasaidiaje? Redio za mkononi, zile tunazoziita redio koli, hazihitaji mtandao wa simu. Udhaifu wake ni kimo. Mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo vilima, miti na hata mviringo wa dunia huyazuia. Watu wawili waliosimama kwenye tambarare tupu husikilizana kwa takriban kilomita 10, na penye miti na nyumba umbali huo hupungua sana. Ukisimamisha katikati yao antena yenye kimo cha mita 20, pamoja na mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, kila mmoja anaweza kuwa kilomita 23 hivi kutoka kwenye mnara. Kwa hiyo, kwenye tambarare, zahanati ya ng'ambo ya mto na hospitali ya wilaya zinaweza kuongea zikiwa umbali wa kilomita 40.

Mnara wenyewe vipande vyake huingiana, kimoja ndani ya kingine. Tela likifika kwenye ardhi imara, miguu ya pembeni inateremshwa, mnara unarefushwa, nyaya za kuushikilia zinakazwa na jenereta linawashwa.

Wapo watakaosema fedha hizo zinunue dawa. Nami nasema dawa iliyojaa stoo ya wilaya haimfai mgonjwa aliyekwama juu ya paa bila mtu kujua yuko wapi. Wengine watasema simu za setilaiti zinatosha. Zinafaa, lakini simu humuunganisha mtu na mtu mmoja. Redio ikiita, muuguzi, dereva na mwokoaji wote wanasikia kwa pamoja.

Tunajua maafa hutupata. Desemba 3, 2023, matope kutoka Mlima Hanang yalishuka hadi mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Aprili 2024 Rufiji ilizama. Maoni yangu ni kwamba kila kanda yenye historia ya mafuriko iwe na walau tela moja, litumiwe kwa pamoja na afya, zimamoto na polisi, masafa yake yawe yameombewa kibali mapema, na lijaribiwe kabla ya kila masika. Zahanati zilizo mabondeni ziwe na redio yenye betri na sola. Tela bila redio upande wa pili ni chuma tu.

Najua utauliza kuhusu mionzi. Mawimbi ya redio hayana nguvu ya kuharibu vinasaba kama eksirei, na nguvu yake hupungua haraka unapokaa mbali na antena. Hatari za kweli ziko karibu zaidi. Moshi wa jenereta una hewa yenye sumu isiyo na harufu, hivyo lisiwekwe karibu na hema walimolala watu. Mnara usisimamishwe karibu na nyaya za umeme, na watoto wasichezee nyaya zinazoushikilia. Radi ikianza, kaa mbali nao.

Wewe msomaji, katika mkutano ujao wa kijiji au mtaa, simama uulize: simu zikizimika usiku wa mafuriko, zahanati yetu itamwita nani, na kwa njia gani? Mwenyekiti akikosa jibu, naomba liandikwe kwenye muhtasari na lipelekwe kwa diwani kabla mvua hazijaanza.